Paka kameza uzi, sindano, betri? Fanya hivi, na usivute kitu

Mi ni fundi cherehani hapa Mbeya, maeneo ya Mwanjelwa, na paka nafuga siku zote kwa sababu fundi bila paka panya wanakutobolea vitenge vya wateja halafu unalipa wewe. Sasa miaka kadhaa nyuma nilikuwa na paka jike mweusi, akaanza kutapika povu jeupe, hali, amejikunyata tu chini ya meza ya kukatia. Siku ya tatu nikaona kitu cheupe kimening'inia nyuma, kama sentimita nne hivi, nikajua ni mnyoo, nikashika na kitambaa nikavuta. Ulikuwa uzi. Ukaja kidogo halafu ukakaza, paka akalia mlio ambao mpaka leo naukumbuka, na usiku ule ule akafa. Nilidhani namsaidia. Ndo maana naandika haya, mtu mwenye paka ayajue kabla hayajamkuta, maana yakishakukuta muda wa kuanza kuulizia huna.

Ngoja nianze na uzi wenyewe, maana watu wengi wanaogopa sindano kuliko uzi. Sindano ni hatari ndio, lakini uzi ndo unaua kimya kimya. Ulimi wa paka akikulamba unakwaruza kama msasa si ndio, ule mkwaruzo ni vijimiba vidogo na vyote vimeelekea nyuma, upande wa koo. Uzi ukishanasa pale paka hawezi kuutema hata akitaka, kila akilamba unaingia ndani zaidi. Halafu ncha moja inajizungusha chini ya ulimi, au inakwama pale tumbo linapoungana na utumbo mwembamba, na ncha nyingine inaendelea kushuka. Utumbo kazi yake ni kusukuma, unasukuma weee, uzi hauendi kwa sababu umefungwa kule juu, basi utumbo wenyewe ndo unaanza kupanda juu ya uzi. Wenzangu mafundi mnajua, ukipiga mshono mlegevu ukavuta uzi mmoja kitambaa chote kinajikunja marinda. Utumbo unakuwa hivyo hivyo, marinda marinda. Na ukizidi kukaza unakata, kama muuza duka anavyokata mche wa sabuni kwa waya, uchafu wa ndani unamwagika tumboni, na hapo kumwokoa ni kazi kubwa sana.

Kwa hiyo ukiona uzi umetokeza mdomoni au nyuma USIVUTE. Hata kidogo. Hata kama unaonekana umelegea. Na usiukate pia, uache kama ulivyo mpaka daktari auone, hasa kama unahisi una sindano kwa ndani, maana ule uzi ndo unamwonyesha daktari sindano iko wapi. Ndoana vile vile, kwa mlioko Kyela na Matema huko ziwani paka wanafuata samaki wanameza na ndoana yenyewe, mshipi uache mrefu usiukate karibu na mdomo.

Na jamani mnyoo na uzi vinafananaje? Vipande vya tegu vinaonekana kama punje za mchele zimeganda kwenye manyoya ya nyuma. Mnyoo wa kawaida ni kama tambi, wa mviringo, umechongoka ncha zote mbili, na mara nyingi unatoka mzima kwenye mavi au matapishi. Uzi ni uzi, unaning'inia na ncha yake imechambuka. Ukiwa na wasiwasi chukulia ni uzi. Dawa ya minyoo inaweza kusubiri kesho, uzi hausubiri.

Tuje kwenye vitu vyenyewe. Nyumbani kwetu huku nyanda za juu cha kwanza ni uzi wa gunia. Ule mweupe unaoshonea kiroba cha mchele au cha sembe, unavuta upande mmoja unafunguka wote krrrr, halafu unautupa pale pale chini. Una harufu ya nafaka, ni mrefu, unacheza cheza, paka hawezi kuuacha. Cha pili ni uzi wa kufuma masweta, hii baridi yetu ya mwezi wa sita na wa saba kila nyumba kuna mtu anafuma. Halafu kuna uzi wa cherehani, kamba iliyofungia nyama au kuku, raba bendi, mipira ya kubania nywele, rasta zinazodondoka saluni, zile nyuzi za kung'aa za mapambo ya Krismasi, vipande vya mfuko, vifungo, shanga.

Betri zile ndogo bapa za saa na rimoti ziweke kundi lake. Ikikwama kooni ndani ya saa moja mbili inaanza kuunguza nyama, kwa hiyo hapo hakuna kusubiri dalili, ni kutoka mbio. Sumaku zikiwa mbili pia ni balaa, zinavutana utumbo ukiwa katikati zinautoboa. Kifungo kidogo laini au shanga moja, huyo anaweza kukinya mwenyewe ndani ya siku moja mpaka tatu, lakini hilo aamue daktari, japo kwa simu.

Haya umemfumania sasa hivi, anatafuna au amemeza. Kwanza angalia anapumua? Kama anakoroma, anahangaika kupitisha hewa, ulimi unaenda kwenye bluu, hapo amekabwa na ni dakika chache tu. Fungua mdomo, kama kitu unakiona na kinashikika kitoe kwa vidole au kibano, lakini usichokonoe kooni usichokiona utakisukuma ndani (na kama ni uzi unaoshuka kooni, usiuvute, ni ile ile). Ikishindikana mnyanyue mgongo wake ukae kwenye kifua chako, weka ngumi yako ndogo au vidole viwili vitatu pale laini chini tu ya mbavu, sukuma ndani na juu kwa haraka mara tano, kisha angalia mdomo tena. Usitumie nguvu za kukamulia nguo, paka ana kilo tatu nne tu.

Kama anapumua vizuri basi tulia. Ondoa vilivyobaki chini, na usitupe, weka kwenye kimfuko. Kipande kile kile kilichobaki ndo kitamwambia daktari uzi ni wa aina gani, mnene kiasi gani, na ukijua ulikuwa mrefu kiasi gani unajua umepungua ngapi. Andika saa.

Halafu angalia chini ya ulimi. Hapa ndo wengi wanakosea, wanafungua mdomo wanaona hamna kitu wanafunga, kumbe uzi umejizungusha kule chini ya shina la ulimi. Mfunge paka kwenye kitenge au kanga abaki kichwa tu, miguu yote ndani, maana kucha zake atakumaliza. Mtu wa pili ashike tochi ya simu. Mkono mmoja ushike kichwa kwa juu, kidole gumba na cha kati kwenye mifupa ya mashavu, kiinue kidogo pua iangalie dari, taya la chini litalegea lenyewe, lishushe kwa kidole kimoja. Sasa kidole gumba cha ule mkono mwingine kisukume kwa nje, katikati ya mifupa miwili ya kidevu, kuelekea juu. Ulimi unanyanyuka kama mto. Angalia pale chini kwenye ule ukano wa katikati, kama kuna mstari mweupe au mwekundu umekatia nyama, ndo wenyewe. Usiuguse.

Ila tahadhari hapa. Paka anayetoa udenda na kushindwa kumeza anaweza pia kuwa na kichaa cha mbwa, paka nao wanapata. Kama hajachanjwa, na amebadilika tabia, anashambulia watu au anayumba, usitie vidole mdomoni kabisa, mfungie chumbani upige simu. Na akikung'ata, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika kumi na tano kisha hospitali ukachanjwe, usidharau hata kama ni mkwaruzo.

Sasa mambo ya kumnywesha. Nimeyasikia yote. Maji ya chumvi atapike, mafuta ya kula ateleze, maziwa yaue sumu, mafuta ya taa, maji ya mkaa. Hapana. Chumvi inamwua paka yenyewe kama yenyewe. Mafuta ukimlazimisha yanaingia kwenye mapafu, na kooni kukiwa na sindano ndo kabisa. Ile dawa ya vidonda inayotoa povu ambayo watu wanaisifia kwa mbwa, kwa paka inachubua tumbo mpaka anatapika damu. Kutapishwa paka ni kazi ya daktari, ana sindano yake ya hiyo kazi, na hata yeye hamtapishi aliyemeza chenye ncha, betri au uzi mrefu, kwa sababu kinachorudi kinakata njiani.

Na dawa ya maumivu ya binadamu usithubutu. Paracetamol kidonge kimoja cha miligramu 500 kinatosha kumuua paka mzima. Ini lake haliwezi kuivunja, damu inashindwa kubeba hewa, fizi zinageuka kahawia, uso unavimba. Diclofenac na ibuprofen nazo usimpe, zinaua figo. Najua unamwona anaumia na roho inakuuma, lakini usimpe.

Kama hukumwona akimeza, dalili ndo hizi. Anatapika mara kwa mara, kwanza chakula kisha povu au maji ya njano. Hali, au anasogea kwenye sahani ananusa anaondoka. Anajificha. Anakuna mdomo kwa mguu, anameza meza mate. Anajikamua hatoi mavi. Ukimgusa tumbo anakaza au anang'ata, na yule aliyekuwa anapenda kubebwa hataki kubebwa. Nyanyua mdomo wa juu uangalie fizi, ziwe pinki, bonyeza kwa kidole pawe peupe uachie, rangi irudi ndani ya sekunde mbili. Zikiwa nyeupe au zinanata zimekauka hali si nzuri. Pumzi hesabu akiwa amelala, kifua kikipanda zaidi ya mara thelathini kwa dakika ujue kuna shida.

Shida ya paka wetu wa huku ni kwamba wanazurura, anatapika kwa jirani, ananya shambani, wewe unajua yuko sawa. Ukihisi tu kameza kitu mfungie chumba kimoja na beseni la mchanga, maji, na gunia au blanketi maana baridi ya Mbeya kwa mgonjwa si mchezo. Hapo ndo utajua kama ananya, nini kimetoka, ametapika mara ngapi. Mavi yapasue kwa kijiti kila yakitoka. Na usiseme ana roho ya paka atapona mwenyewe, paka anaficha maumivu mpaka dakika ya mwisho, ukiona amelala chali hajiwezi ujue yalishaanza siku nyingi. Isitoshe paka asipokula siku mbili tatu, hasa mnene, ini linaanza kujaa mafuta, unakuwa na magonjwa mawili.

Wa kwenda mara moja usiku huo huo au alfajiri: uzi wowote, sindano, ndoana, betri, sumaku, na paka yeyote aliyetapika zaidi ya mara mbili tatu kwa siku baada ya kumeza kitu.

Kwenda wapi sasa? Hapa mjini madaktari wa mifugo wapo, wengine wa serikali wengine binafsi, lakini si kila mtu anayeuza dawa za mifugo ni daktari. Muuzaji wa dukani atakupa dawa ya minyoo na antibayotiki kwa nia njema kabisa, na uzi unaendelea kukata. Madaktari wa mifugo wanasajiliwa na Baraza la Veterinari Tanzania, muulize bila kuona aibu, "Dokta samahani, paka umeshawahi kumpasua?" Mzuri hakasiriki, na kama hafanyi atakuelekeza kwa mwenzake. Vijijini, sema Rungwe, Mbarali au Mufindi, anza na afisa mifugo wa kata, wengi kazi yao kubwa ni ng'ombe na kuku lakini namba ya daktari wa wilaya wanayo. Ikishindikana kabisa kuna hospitali ya wanyama ya SUA, chuo kikuu cha kilimo cha Sokoine, Morogoro. Kutoka Mbeya ni zaidi ya kilomita 600, kutoka Iringa kama nusu yake, kwa hiyo mtu wa Iringa anaweza kuwahi. Wa Mbeya ni pale tu daktari wa hapa amekwambia hali inaruhusu safari. Tafuta namba leo paka akiwa mzima, jaribu kuipiga, uliza usiku anapokea?

Kumbeba, tafadhali si kwenye kiroba kilichofungwa mdomo. Anatapika humo humo anapaliwa. Boksi gumu lenye matundu au tenga lenye kifuniko, kitambaa chini, bajaji ni bora kuliko bodaboda. Chakula usimpe tena mpaka daktari aseme, huenda atachomwa usingizi.

Kijivu wangu, paka niliyenaye sasa, ilikuwa hivi. Mume wangu alifungua mchele wa Kyela jioni, asubuhi uzi wa gunia haupo, na Kijivu anameza meza mate. Nikamfunga kitenge, mwanangu akashika tochi, nikausukuma ulimi, nikauona, mwembamba, mweupe, umezama kwenye nyama. Mikono ilikuwa inatetemeka lakini sikuugusa. Saa mbili asubuhi tulishafika kwa daktari.

"Shikamoo dokta."

"Marahaba mama, umeuvuta?"

"Sijauvuta baba."

"Hapo umemsaidia sana."

Akaniuliza saa ngapi, uzi wa nini, urefu gani, katapika mara ngapi, nikamwonyesha kipande cha uzi wa gunia lingine na video ya simu akitapika. Kama unaweza chukua video, inamweleza daktari mengi kuliko maneno. Kuhusu picha, eksirei inaonyesha sindano, sarafu, betri, mfupa, lakini uzi, nguo na plastiki vyenyewe havionekani, daktari anaangalia utumbo ulivyojikunja na hewa ilivyokaa. Kwa hiyo ukiambiwa eksirei haijaonyesha kitu usiende nyumbani umeridhika kama paka bado anatapika, omba ultrasaundi kama ipo, au aguswe tumbo tena baada ya saa chache. Mahali pengine huku vifaa hivyo hamna na daktari anaamua kwa mikono na maelezo yako, ndo maana maelezo yako yawe kamili.

Kijivu alikatwa ule uzi chini ya ulimi akiwa usingizini, kisha akafunguliwa tumbo, uzi ukatolewa kwa kukata utumbo sehemu mbili ndogo badala ya kuuvuta wote kwa mara moja. Kwa sababu tuliwahi utumbo ulikuwa bado mwekundu, mzima. Ukichelewa ukawa mweusi inabidi kipande kikatwe kiondolewe na ncha ziungwe, na hiyo ni hatari zaidi na gharama zaidi. Gharama ongea mapema, sema ulichonacho, wengi wanakubali uanze na kiasi.

Ukirudi naye nyumbani siku ya tatu mpaka ya tano ndo za kuangalia kweli kweli, mshono wa ndani ukiachia ni siku hizo. Akianza tena kutapika, kukataa chakula, tumbo kuvimba au kuwa na joto, rudi bila kusubiri asubuhi. Chakula laini kidogo kidogo mara nne tano kwa siku, supu ya samaki isiyo na chumvi na nyama yake iliyochambuliwa miiba yote, au kuku aliyechemshwa asiye na kitunguu. Kidonda kikae kikavu. Asilambe, mi nilikata mkono wa fulana ya mtoto nikautoboa matundu manne ya miguu nikamvalisha, unabana vizuri tu ilimradi usikaze pumzi. Nyuzi za nje zilitolewa siku ya kumi na mbili.

Ofisini kwangu sasa nyuzi zote zinakaa kwenye kopo la biskuti lenye kifuniko, sindano kwenye kimto cha kuchomekea nacho ndani ya droo, na chenga nafagia kabla sijafunga, si asubuhi. Nyumbani uzi wa gunia ukishavutwa unaingia kwenye jiko la mkaa pale pale mkononi. Na ukichukua mtoto wa paka mwache kwa mama yake angalau wiki nane, wanaotolewa mapema ndo wengi wanaonyonya na kutafuna sweta na blanketi. Kama paka mkubwa anakula nguo kila siku mpeleke apimwe, anaweza kuwa na minyoo au upungufu wa damu. Kijivu yeye bado akisikia ule mlio wa gunia linafunguliwa anakuja mbio, kwa hiyo siku ya kufungua mchele anakaa chumbani mlango umefungwa.